Mbono ni wa uani, usiung'olee alizeti

Mkuu, usiguse hiyo alizeti! Umeuliza kama ekari zako nne za alizeti huko Manyoni zinafaa kwa mibono, yaani jatrofa, mti wa mbegu za mafuta, ununue kinu gani cha kukamulia mafuta ya jenereta, na kama muhogo wa mama yako unaweza kutoa ethanoli. Mimi nimegota hapo kwenye mibono, maana huyo wakala wa miche anakuimbia yaleyale niliyoimbiwa Bahi mwaka 2008: "Mbono unastahimili ukame, hautaki mbolea, mnunuzi tunaye."

Ukame unaustahimili kweli. Unapukutisha majani, unangoja mvua. Lakini kutokufa si kuzaa! Bila maji na rutuba unabaki fito, na hilo wakala wangu wa Bahi hakulisema. Niling'oa alizeti nikapanda ekari nne zote. Zote, mkuu, hata kipembe cha mtama sikubakiza. Mwaka wa kwanza patupu, wa pili konzi mbili tatu, na nyumbani tunakula unga wa dukani. Mwaka wa nne ndipo nikavuna cha kupima: kilo 410. Kuvuna kwenyewe adhabu, maana matunda hayaivi pamoja. Kichala kimoja kina jeusi, la njano na bichi, kwa hiyo unarudi mti uleule kila wiki, halafu familia nzima inakaa kumenya kwa mikono.

Nikapiga simu ya wakala, haipatikani. Nikafunga safari hadi ofisini kwake mjini, nikakuta wanasuka nywele. Yeye hela yake alishaipata kwenye kutuuzia miche. Mbegu zetu hazikumhusu tangu siku ya kwanza. Mbuzi wa jirani walimzidi utu: walikatiza shamba lile miaka yote na hawakunidanganya, hakuna aliyeonja hata jani.

Nikasema basi nikamue mwenyewe. Kwa kikamulio kidogo, kilo kama nne za mbegu ndizo zinatoa lita moja. Piga hesabu: mavuno yale yote ni lita 100 hivi. Mashudu yake, makapi yanayobaki ukishakamua, ni sumu, huwezi kumpa ng'ombe. Ya alizeti wafugaji wanayafuata hadi mlangoni kwako!

Mwaka 2009 utafiti uliofadhiliwa na GTZ, shirika la maendeleo la Ujerumani, kwa wakulima wadogo wa Kenya ulishauri mbono usihimizwe kama zao la shamba, ubaki kwenye ua. Wazee wetu waliupanda mipakani na makaburini, ndiyo maana wengine wanauita mbono kaburi. Penye mahindi hawakuupeleka.

Shamba la chakula usilipande mti wa mafuta kabla mnunuzi hajaandika bei na kusaini. Wakala akirudi, mpeleke kwa mwenyekiti wa kijiji, aandike bei ya kilo, atanunua kilo ngapi, na ataanza mwaka gani. Akikwambia karatasi zitafuata, mrudishie miche yake akapande kwao.