Mwaka Wake wa Kweli Ungetosha

Juzi usiku nilipata ujumbe wa kijana mmoja wa Kalemie, mashariki mwa Kongo. Ameandika hivi: "Jambo Kocha. Nasikia Michezo ya Francophonie inayokuja ni Armenia, 2027. Mimi ni winga wa kushoto, niko na mbio sana. Kuna papa mmoja hapa anasema atanipunguzia miaka miwili kwenye karatasi, eti Wazungu wanapenda wadogo. Nikubali?"

Niliusoma mara tatu. Usingizi ukanipaa, kwa sababu maneno ya huyo papa, yaani huyo mzee wa Kalemie, niliwahi kuyasema mimi, kwa mdomo wangu, mbele ya mama wa mtoto, nikiwa nimekaa kwenye kiti alichonipa na nikila sambaza, wale samaki wadogo, alizonikaangia.

Wengi wenu mnaonisoma mnataka kilekile alichotaka kijana mmoja niliyemfundisha Bukavu: kuvaa jezi ya taifa angalau mara moja na kuimbiwa wimbo wa taifa. Basi someni mpaka mwisho.

Michezo ya Francophonie ni ile ya nchi za jumuiya ya wanaozungumza Kifaransa. Ilianza Morocco mwaka 1989, ikazunguka Ufaransa, Madagaska, Kanada, Niger, Lebanoni, ikarudi Ufaransa kule Nice mwaka 2013, ikaenda Abidjan 2017. Ina riadha, judo, mieleka, na pia ina waimbaji, wachoraji na wasimulizi wa hadithi. Wasichana wana mpira wa kikapu, lakini soka la wasichana halimo, na jambo hilo linanikera kila nikilikumbuka, maana nimewafundisha mabinti wanaowashinda wavulana kwa akili ya mpira. Soka ni la wavulana wasiozidi miaka 20. Si Kombe la Dunia. Klabu kubwa hazilazimiki kutoa wachezaji wao, na hapo ndipo mlango unapofunguka kwa kijana asiye na jina, anayecheza kwenye kiwanja cha udongo mkoani.

Mwaka 2023 mlango huo ulikuja kwetu. Mashindano ya tisa yalikuwa yamepewa Moncton na Dieppe, miji ya Kanada. Wakajitoa kwa sababu ya gharama, Kongo ikachukua uenyeji. Yaliahirishwa mara kadhaa, mwishoni yakapangwa Kinshasa, tarehe 28 Julai hadi 6 Agosti. Fikiria kijana wa Bukavu anapoambiwa anaweza kucheza Stade des Martyrs, au Tata Raphaël, uwanja ambao Muhammad Ali alimwangusha George Foreman mwaka 1974. Sisi wa Mashariki huwa tunaviona viwanja hivyo kwenye televisheni tu.

Kijana wangu huyo wa Bukavu simtaji jina. Nitamwita Namba Nane, kwa sababu ndiyo aliyoivaa. Nilimwona kwa mara ya kwanza Kadutu, mtaa wa Bukavu, kwenye kiwanja kilichoinama kama paa la nyumba. Wanaokijua kiwanja kile wanajua kwamba mpira ukitoka upande wa chini, mtu anashuka kuufuata mpaka kwenye mfereji, na mchezo unasimama. Yeye alikuwa hapotezi mpira upande wa chini. Anaugusa kwa nje ya mguu, unarudi juu wenyewe, unasimama kwenye kisigino chake. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa amekisoma kile kilima. Nimefundisha watoto miaka kumi na sita na sijapata mwingine kama yeye, na nasema hivyo kwa majivuno, kwa sababu mimi ndiye niliyemtoa pale, nikamvalisha viatu, nikamfundisha kuinua kichwa kabla ya kupokea.

Mwaka 2021 kulikuwa na mashindano ya watoto wasiozidi miaka 15. Namba Nane alikuwa na 17. Timu nyingine zote, nilijua, zilikuwa zinaleta watu wenye ndevu. Nikaenda kwa mama yake, anayeuza sambaza sokoni, nikamwambia: "Mama, mtoto wako amezaliwa 2004. Tukiandika 2006 atacheza sasa hivi, na baadaye ataonekana mdogo, atadumu." Mama akaniuliza swali moja: "Kocha, hiyo si uongo?" Nikamjibu kwamba ni umri wa mpira, kila mtu anao. Akaniamini. Mimi ndiye niliyekuwa najua mambo ya mpira. Yeye alijua samaki.

Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho. Sheria yetu inampa mzazi siku 90 kutangaza kuzaliwa kwa mtoto kwenye komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, na siku hizo 90 kwa mama anayelala sokoni zinapita kama upepo. Kwa hiyo haikuwa kazi ngumu kwangu kupata karatasi yenye mwaka niliotaka. Nililipa, nikapewa, nikaipeleka, leseni ya mchezaji ikatoka. 2006. Tulibeba kombe. Nilibebwa mabegani.

Sasa nataka muone jinsi uongo unavyotembea polepole. Mwanzoni mwa 2023 nikapigiwa simu: wanatafuta vijana kwa ajili ya timu ya Francophonie, wamesikia habari za Namba Nane, aje kupimwa. Nilikaa chini barabarani. Kutoka Bukavu kwenda Kinshasa hakuna barabara ya kutegemea. Wakati ule ilikuwa ni ndege tu, kutoka uwanja wa ndege wa Kavumu. Tulichanga. Wazee wa mtaa walichanga, kanisa lilichanga, mimi niliuza televisheni yangu. Tukapanda ndege wawili, yeye akiwa dirishani, ameshika mfuko wa plastiki wenye karatasi zake zote mapajani, hakuuachia mpaka tukatua.

Siku mbili za kwanza alicheza vizuri, ingawa kulikuwa na tatizo ambalo sikulitegemea: lugha. Makocha walipiga kelele kwa Kilingala. Yeye Kilingala chake kilikuwa cha nyimbo. Mtu anamwambia "Zonga!", yaani rudi, yeye anageuka kutafuta nani kaitwa. Siku ya tatu alikuwa ameshayajua maneno yote ya uwanjani. Siku ya nne alifunga kwa mguu wa kushoto, na kocha mmoja, mtu mzima mwenye mvi, akaniita pembeni akaniuliza nimempata wapi.

Siku ya tano wakaomba karatasi.

Chumba kilikuwa kidogo, feni inazunguka. Mtu wa karatasi hakuwa na ubaya wowote, aliongea taratibu. Namba Nane akafungua ule mfuko na kutoa kila kitu, kama alivyokuwa amelelewa kutoficha. Mtu yule akachukua leseni, akaiweka kushoto. Akachukua buletini, yaani ripoti, ya shule ya sekondari, akaiweka kulia. Akaweka kidole gumba kwenye moja na cha shahada kwenye nyingine. 2006. 2004. Akaangalia kadi ya ubatizo: 2004. Akauliza kwa Kifaransa, halafu akarudia kwa Kiswahili, kwa sababu alikuwa na adabu: "Huyu ni nani, na huyu ni nani?"

Namba Nane hakujibu. Aliniangalia mimi.

Na mimi, ndugu zangu, nilinyamaza. Nilikuwa na nafasi ya kusema "kosa ni langu, mtoto ni wa 2004, leseni niliiandikisha mimi." Sikusema. Niliogopa kufungiwa. Nikasema labda shule ilikosea. Mtu yule akakusanya zile karatasi, akazigonga mezani zikae sawa, akazirudisha kwenye mfuko, akamkabidhi kijana na si mimi.

Hebu hesabuni wenyewe. Aliyezaliwa 2004, mwaka 2023 ana miaka 19. Mashindano ni ya wasiozidi 20. Mwaka wake wa kweli ungetosha! Hakuhitaji uongo wangu hata kidogo. Kilichomtoa si umri, ni karatasi mbili zisizopatana.

Kuna watu wataniandikia kwamba nilikuwa na bahati mbaya tu, kwamba wengine wanapita. Ni kweli wapo wanaopita, na waliokuwa na ndevu mwaka 2021 baadhi yao bado wanacheza, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Lakini angalieni mlango unavyofungwa. Kwa vijana wa chini ya miaka 17, FIFA imekuwa ikitumia kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili, cha kifundo cha mkono tangu 2009: wanaangalia kama mfupa umemaliza kukua na kuungana, jambo linalotokea kwa nadra sana kabla ya miaka 17. Januari 2023, miezi michache tu kabla ya safari yetu, Kamerun iliwatoa wachezaji 21 kati ya 30 wa timu yake ya vijana kwa kipimo hicho. Ishirini na mmoja! Kwa walio chini ya miaka 20 mfupa hausaidii tena, kwa sababu wengi umeshaungana. Kinachobaki ni karatasi. Kwa hiyo karatasi ndiyo mfupa wako.

Ushauri wangu ni huu, na nitaurudia mpaka muuchoke. Tafuta karatasi zako leo, kabla ya kutafuta kocha. Kama muda wa siku 90 ulipita, na kwa wengi wetu ulipita zamani, mzazi au mlezi wako aende mahakamani aombe hukumu inayochukua nafasi ya lile tangazo, ile inayoitwa jugement supplétif, halafu arudi nayo komini upewe cheti. Inachosha. Watakuambia rudi Jumatatu, na Jumatatu watakuambia rudi Alhamisi. Rudi. Jina liandikwe herufi kwa herufi sawasawa na la shuleni, kwa sababu herufi moja nayo inaweza kukutoa. Na kama kwenu mashindano yanafanyika nje ya nchi, kumbuka pasipoti. Ya Kongo ilikuwa inauzwa dola 185 kabla ya bei kushushwa mwaka 2020, na hata iliposhuka bado ni pesa ya miezi mingi kwa muuza sambaza. Haianzwi wiki ya safari.

Tena, piga picha za karatasi zote. Nasema hivi nikiwa Bujumbura. Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, nilitoka na mkoba mmoja, na watoto ninaowafundisha hapa sasa wengi wao walitoka bila hata huo. Wapo wenye mguu wa dhahabu, ukimwuliza umezaliwa wapi na lini, anakuambia cheti kilibaki nyumbani, na nyumba hajui kama ipo.

Na ninyi makocha wenzangu, hapa nitasema kwa ukali. Mtoto wa maskini ana kitu kimoja tu ambacho hakuna anayeweza kumnyang'anya, nacho ni siku aliyozaliwa. Sisi tunaichukua hiyo pia, kwa ajili ya kombe la plastiki lililopakwa rangi ya dhahabu. Tunasema tunamsaidia. Tunajisaidia. Mimi nilijisaidia. Mwogopeni Mungu, na kama hamumwogopi Mungu, mwogopeni yule mama atakapowauliza mtoto wake amerudi kwa nini.

Mimi aliniuliza. Nilikwenda nyumbani kwake siku mbili baada ya kurudi. Alikuwa anaanika samaki. Hakunipa kiti safari hii. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, na hapo nilisema ukweli, nikiwa nimechelewa. Akaendelea kutandaza samaki mmoja mmoja, halafu akasema: "Nilikuuliza, Kocha." Basi.

Julai ile tuliangalia ufunguzi kwenye televisheni ya jirani, maana yangu nilishaiuza. Namba Nane alikuja, akakaa nyuma kabisa, akaondoka kabla ya mechi ya kwanza. Siku hizi anaendesha pikipiki ya abiria, Bukavu. Viatu nilivyompa alimpa mdogo wake.

Jana nilimtumia ujumbe wa kijana wa Kalemie nikamwomba ruhusa ya kusimulia haya. Alijibu baada ya saa nyingi, akiwa amemaliza kazi: "Simulia, Kocha. Lakini kwanza muulize huyo mdogo amezaliwa lini kweli."

Nikamuuliza. Akanitumia picha ya kadi ya ubatizo, imekunjwa mara nne, wino umefifia lakini mwaka unasomeka. 2008. Mwaka 2027 atakuwa na miaka 19.