Mita 3,800 za Himalaya wakati wa baridi siyo mita 3,800 za Horombo

Kuna kaka mmoja anasoma Pune kanitumia meseji wiki iliyopita pamoja na tangazo la kampuni moja ya utalii, safari ya mlima Kedarkantha, Himalaya ya India, mwezi Desemba, kiwango wameandika "rahisi hadi wastani". Anasema dada mimi Uhuru nimeshafika, hiki kimlima ni mita 3,800 tu, si ni sawa na kambi ya Horombo kule Kilimanjaro? Nibebe nini zaidi ya koti?

Nilimjibu inbox, ila wenye swali hili ni wengi hasa nyie mnaosoma India, na mimi linanigusa pabaya kidogo, kwa hiyo leo tutaongea.

Hesabu yake haina kosa. Horombo ni 3,720, Kedarkantha ni kama 3,800. Ila Horombo unafika ukiwa na vumbi kwenye soksi, Kedarkantha ya Januari na Februari unaweza kuzama kwenye theluji mpaka magotini na usiku jotoridi linashuka mpaka kumi chini ya sifuri, pengine na zaidi. Halafu angalia ratiba. Kijiji cha kuanzia kinaitwa Sankri, kiko kwenye 1,950 hivi, usiku unaofuata mnalala Juda ka Talab kwenye 2,700 na kitu, kesho yake mko kambi ya chini ya kilele karibu 3,400, na saa tisa usiku mnaamshwa kupanda. Madaktari wa milimani wanashauri ukishavuka 3,000 usipandishe sehemu ya kulala kwa zaidi ya mita 500 kila usiku, ili mwili uzoee hewa nyepesi. Piga hesabu mwenyewe. (Najua utaniambia kule Kili kambi ya Mandara kwenda Horombo ni elfu moja nzima. Ndiyo, na ndiyo maana wengi wanaongeza usiku wa pili Horombo.)

Sasa mimi. Nilienda Februari, Mwafrika peke yangu kwenye kundi zima. Safari ya gari kutoka mji wa Dehradun mpaka Sankri siielezei, ni kona na kutapika karibu kilomita 200. Jioni Sankri tukajitambulisha, kijana mmoja mwenye kamera kubwa akaniuliza mbele za watu kama kwetu theluji tunaijua au tunaiona kwenye tivii. Nikamwambia nimezaliwa Moshi, naiona nikifungua dirisha. Wakacheka. Njia nzima akawa anapita mbele yangu anageuka, "Africa, are you okay?" Mimi natembea polepole zangu kama nilivyofundishwa na wagumu wa kwetu, wale wapagazi wa Kili, mtu anayejua kazi hakimbii.

Kambi ya juu jioni wakapita na kile kidude cha kubana kidole kupima oksijeni. Changu kikasoma asilimia 71. Yule kijana akapiga mluzi. Mwongozaji wetu, mzee wa hapo hapo bondeni, hakusema kitu, alinivua glavu, akanisugua vidole kwa viganja vyake, akanishikisha kikombe cha chai, tukakaa kimya kama dakika tano hivi, akapima tena ikaja 88. Kumbe kidole cha baridi kinadanganya mashine. Akaniuliza kichwa kinauma? Chakula kimepanda? Akanitembeza mstari ulionyooka kwenye theluji, kisigino kwa kidole. Sawa, utapanda. Kijana mwenye kamera alisoma 90 na akalala bila kula, hakumwambia mtu.

Nadhani mmeshajua kilichotokea. Kabla hata hakujapambazuka alikuwa ameinama anatapika, anajibu maswali ambayo hakuulizwa, na yule mzee hakumbembeleza hata kidogo, akampa msaidizi wake wakashuka naye wakati ule ule. Mimi jua lilinikuta juu, milima ya Swargarohini imesimama mbele yangu myekundu. Sikumcheka. Sawa, nilicheka kidogo moyoni, mimi si malaika.

Lakini mjue kupanda siko kulikonitisha. Asubuhi theluji ni ngumu, vile vyuma vya meno unavyovaa juu ya kiatu vinashika vizuri. Ni kushuka. Njia imeshakanyagwa na mamia ya watu, usiku imeganda, imekuwa barafu tupu inateleza kama sakafu yenye sabuni, na miguu imeshachoka. Krismasi na mwaka mpya ndiyo balaa maana watu wanapangana foleni, mmoja akianguka juu anawazoa wa chini.

Kwa hiyo kaka yangu na wengine, hilo neno "wastani" kaandika muuzaji, na kaandika akiwaza siku yenye jua. Wewe pima siku mbaya. Muulize: hali ya hewa ikichafuka tukiwa kambi ya juu tunashuka na nani, kwa njia gani, na anayeamua kugeuka ni nani? Akikujibu "usijali, wateja wetu wote wanafika" tafuta mwingine. Uliza kama wana mtungi wa oksijeni kule juu na siyo Sankri. Uliza siku ya akiba ipo? Hospitali kubwa iko Dehradun, na helikopta hairuki kwenye dhoruba. Juni 2024, Juni jamani, siyo msimu wa baridi, watu tisa walikufa njia ya ziwa Sahastra Tal, jimbo hilo hilo la Uttarakhand ilipo Kedarkantha, baada ya hali ya hewa kubadilika ghafla. Wale nao walikuwa kwenye matembezi tu.

Na vijana wa Kitanzania acheni hii tabia ya kusema nimefika Uhuru basi nimemaliza. Kili ulibebewa, ulipikiwa, na theluji uliikuta juu kabisa siku moja. Ujeuri wa mlima uliopita haukupashi joto. Maji yatagandia mdomoni mwa chupa (igeuze kichwa chini, barafu inaanzia juu), simu itazima chaji ikiwa nusu, jasho ulilotoka ukipanda ndilo litakalokugandisha ukisimama, kwa hiyo vua nguo kabla hujaloa. Kichwa kikiuma sema. Sema! Usinyamaze kama yule.

Viatu vya kukodi Sankri vipo ila vijaribu na soksi mbili pale pale dukani, utembee navyo. Bima nayo isome, nyingi zina kikomo cha urefu wa mlima. Ratiba nitumieni niwaangalizie, sina shida. Ila ukishalipa advansi ndiyo unaniuliza, mimi simo.