Watoto wanaondoka kwenda chuo: machozi ya mama, simu ya kijana na Alasiri iliyopita

SWALI:

Assalaam alaykum warahmatullah. Sheikh, mimi ni mama wa watoto wanne. Mwezi huu wakubwa wawili, mvulana na msichana, wanaondoka kwenda chuo, na wadogo zao wanafungua shule wiki hiyo hiyo. Nyumba haikaliki: mabegi mlangoni, fomu mezani, ada za wanne kwa mpigo. Juzi nilishinda mchana kutwa nikiandika majina kwenye nguo na madaftari, nikashtukia adhana ya Magharibi na Alasiri sijaswali. Usiku nalia peke yangu. Mume wangu ananiambia huu ni udhaifu wa imani, mtoto anakwenda kusoma, hajafa. Naomba kujua: kulia kwangu kuna dhambi? Namba ya siri ya simu ya kijana wangu ninayo. Je, naweza kuwa nasoma anayoandikiana na wenzake, nimlinde akiwa mbali? Binti yangu naye amenuna, kaka yake kanunuliwa kompyuta mpya, yeye kapewa ya zamani ya baba yao. Tumemdhulumu? Na wakifika huko chuoni wapunguze swala kwa kuwa ni wasafiri? Nisaidie Sheikh, nimechoka.

JIBU:

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Dada yangu, kuhusu Alasiri hukuniuliza, umeitaja tu ukiwa njiani kwenda kwenye maswali yako. Mimi nitaanza nayo hiyo. Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa hadithi, wamepokea kutoka kwa sahaba Ibn Umar kwamba Mtume (s.a.w.) amesema: yule ambaye swala ya Alasiri imempita ni kama aliyenyang'anywa ahali zake na mali yake. Soma tena maneno hayo mawili, ahali na mali. Unalilia watoto wanaotoka nyumbani, na mchana kutwa umeinamia vitu vyao. Mtume anasema aliyepoteza vyote viwili kwa pamoja ni huyu ambaye jua limemzamia hajaswali. Kama ulisahau kabisa, huna dhambi, uilipe pale ulipokumbuka. Kama uliona wakati unakwenda ukasema "namalizia hili kwanza", basi ni toba pamoja na kulipa. Lipi kati ya hayo mawili lilitokea, wewe unajua na Mola wako anajua.

Wapo wanavyuoni walioruhusu mtu kuchanganya swala mbili akiwa mjini kwake kwa haja nzito, bila kuifanya mazoea, kwa hadithi ya Ibn Abbas iliyo katika Muslim. Lakini kuandika majina kwenye madaftari hakufiki huko. Daftari lisilo na jina linaweza kungoja dakika kumi.

Sasa machozi. Hapa nataka mumeo naye asome.

Mtume (s.a.w.) alipokuwa na mwanawe Ibrahim, mtoto mchanga anakata roho, macho yake yalitiririka machozi. Abdurrahman bin Awf akashangaa: hata wewe, ewe Mtume wa Allah? Akamjibu kwamba hiyo ni rehema, kisha akasema: "Hakika jicho linatoa machozi, na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu." Kwa hiyo mumeo si wa kwanza kushangaa. Amemtangulia sahaba mkubwa, na jibu alilopewa sahaba linamtosha na yeye. Atasema ule ulikuwa msiba na huku ni masomo. Sawa. Basi amwangalie mama yake Musa. Yeye aliahidiwa na Allah, kwa maneno yaliyo wazi, kwamba mtoto atarudishwa kwake na atafanywa kuwa miongoni mwa Mitume. Pamoja na ahadi hiyo, Qur'ani inasema katika Sura ya 28 aya ya 10 kwamba moyo wake ulikuwa mtupu, na lau si Allah kuutia nguvu moyo ule, angekaribia kuidhihirisha siri yake. Ikiwa mwenye ahadi ya Mola wake mkononi alibaki na moyo mtupu, wewe uliye na barua ya kujiunga na chuo tu, nani akulaumu?

Kilichokatazwa ni maneno na vitendo vya kumkasirikia Allah: kupiga kelele za kulalamikia kadari, kusema "kwa nini mimi". Na kuna jingine ambalo halionekani kama dhambi lakini linaumiza: kulia mbele ya mtoto kwa namna ya kumfanya aone kuondoka kwake ni kosa alilokutendea. Lia kwa Mola wako. Nabii Yaqub (a.s.), ambaye macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya Yusuf, alisema: "Hakika mimi namshitakia Allah sikitiko langu na huzuni yangu." Alilia miaka, na wala hakuondolewa katika orodha ya wenye subira. (Na wakati mwingine, dada yangu, mume anayemkataza mkewe kulia anajizuia mwenyewe. Usimshindie hoja, mpe nafasi.)

Nitakaa kidogo kwa Nabii Yaqub, kwa sababu katika kisa chake kuna aya inayowahusu hasa wazazi wanaofunga mabegi. Wanawe walipotaka kuondoka mara ya pili na mdogo wao, aliwapa maagizo: wasiingie kwa mlango mmoja, waingie kwa milango mbalimbali. Akaongeza papo hapo kwamba yeye hawezi kuwafaa kitu mbele ya hukumu ya Allah. Wakaenda, wakafanya alivyowaagiza, na Qur'ani ikasema (12:68) kwamba hilo halikuwafaa chochote mbele ya Allah, ila ilikuwa ni haja iliyomo katika nafsi ya Yaqub, akaitimiza. Angalia upole wa aya hii. Haikumcheka baba mwenye wasiwasi. Imelitaja agizo lake kuwa ni haja ya moyo wa mzazi, kisha ikamsifu hapo hapo kuwa ni mwenye elimu. Basi ukimwambia binti yako mara ya tano achukue sweta, na yeye akakunja uso, jua kwamba lako lina mfano katika Kitabu. Ila jua pia mipaka yake: sweta ni haja ya nafsi yako. Ulinzi ni wa Allah. Yaqub aliyajua yote mawili kwa wakati mmoja, na elimu yenyewe ndiyo hiyo.

Historia ya elimu yetu nayo imejaa mama waliorudi nyumbani na mtoto mmoja pungufu. Imam Bukhari alizaliwa Bukhara mwaka 194 Hijria (810), baba yake akafariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na mama. Alipokuwa na umri wa miaka kama 16 alikwenda Hija pamoja na mama yake na kaka yake Ahmad. Hija ilipokwisha, mama na kaka wakarudi. Kijana akabaki Makka kutafuta hadithi. Fikiria safari ya kurudi ya mama yule, kutoka Makka hadi Bukhara, na nafasi tupu msafarani. Hapakuwa na simu. Ile hadithi ya Alasiri niliyokusomea hapo juu imetufikia kupitia kijana ambaye mama yake alikubali kumwacha nyuma.

Hilo linatuleta kwenye simu. Jibu ni hapana, na nitaeleza kwa nini, maana najua umeuliza kwa mapenzi.

Kijana wako amebaleghe. Kalamu inamwandikia yeye mwenyewe. Allah amesema katika Suratul Hujurat (49:12): "Wala msipelelezane." Amri hiyo haikuwatoa wazazi wa watu wazima. Pia Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Muawiya aliyoipokea Abu Dawud, amesema kwamba ukifuatilia aibu za watu utawaharibu, au utakaribia kuwaharibu. Malezi yote yamo humo: mtoto anayejua anapekuliwa haachi kosa, anajifunza kuficha. Tena kuna watu ambao hukuwafikiria. Yule mwenzake anayemwandikia kwamba nyumbani kwao kuna ugomvi, au kwamba ana ugonjwa, hakukuambia wewe. Siri yake ni amana mikononi mwa mwanao, nawe huna ruhusa nayo hata kidogo.

Mtu mmoja aliwahi kunijia na hoja ya dada yake Musa: si aliambiwa na mama amfuate mtoto, akamwangalia kwa mbali nao hawajui? Ndiyo, lakini isome vizuri. Ambao hawakujua ni watu wa Firauni, waliokuwa wakichinja watoto wa kiume. Hakujificha kwa Musa, na Musa alikuwa mchanga ndani ya kisanduku. Mwanao si mchanga, wala wewe hushindani na Firauni. Kilicho chema kuchukua katika kisa hicho ni kule kuwa mbali: jicho lipo, mkono haujaingia.

Ikiwa utaona dalili za wazi za hatari, kwa mfano mtu anamtishia, au ameanza ulevi, au anazungumza kuhusu kujidhuru, hukumu inabadilika, kwa sababu kuokoa nafsi kunatangulia. Hata hapo, anza kwa kumfuata na kumuuliza uso kwa uso, wewe au baba yake. Wasiwasi mtupu wa usiku si dalili.

Kabla hajaondoka, mwambie ile namba ya siri unayo, kisha aibadilishe mbele yako. Nakuhakikishia atakusikiliza zaidi baada ya hapo kuliko kabla. Halafu wekeaneni ahadi, kama Yaqub alivyochukua ahadi kwa wanawe kabla ya kuwaruhusu, na tena akaiwekea nafasi ya udhuru: "isipokuwa mzungukwe." Mkubaliane siku za kupigiana simu, na mkubaliane kwamba akikwama hatauliziwa sababu kwanza, atasaidiwa kwanza. Na simu hizo zisiwe mahakama. Kijana akiona kila simu ya mama ni mtihani, ataanza kuchagua zipi apokee.

Kuhusu kompyuta, kisa maarufu ni cha Nu'man bin Bashir. Baba yake alimpa zawadi, mama yake Amra bint Rawaha akasema hatoridhika mpaka Mtume ashuhudie. Mtume akauliza: watoto wako wote umewapa mfano wa hiki? Akasema hapana. Akamwambia: "Mcheni Allah na fanyeni uadilifu baina ya watoto wenu." Wanavyuoni wengi wameona usawa huo ni sunna iliyotiliwa mkazo, na Imam Ahmad akauona ni wajibu. Lakini hilo ni katika hiba, yaani zawadi. Matumizi ya lazima huenda kwa haja: mwenye homa hununuliwa dawa, na mzima hadai thamani yake. Kwa hiyo jiulizeni nyinyi wazazi: masomo ya kijana yanahitaji mashine yenye nguvu ambayo binti haihitaji? Kama ndivyo, hamkumdhulumu, ila mna deni la kumweleza, na hiyo ya zamani iwe inafanya kazi kweli. Kama hamna sababu ila kwamba yeye ni mvulana, basi binti amenuna kwa haki, na mrekebishe hata kama ni kwa awamu. Nahisi, kwa jinsi ulivyoandika, jibu unalijua.

Ama kupunguza swala, watapunguza njiani tu ikiwa umbali unafika kiasi cha safari, ambao wengi wanaukadiria kuwa zaidi ya kilomita 80. Wakishafika na nia yao ni kukaa muhula mzima, wao ni wakazi: wataswali kamili, na kijana ataihudhuria Ijumaa. Katika madhehebu ya Shafii hata kunuia kukaa siku 4 kamili, mbali na siku ya kufika na ya kuondoka, kunaondoa ruhusa. Kwa Hanafi ni siku 15. Chuo kinapita vyote viwili.

Limebaki moja ambalo hukuuliza, nalo ndilo la kufanya asubuhi ile mabegi yakishatoka nje. Ibn Umar alikuwa akimwambia mtu anayetaka kusafiri: njoo karibu nikuage kama Mtume alivyokuwa akituaga. Kisha husema: Astawdi'ullaaha diinaka wa amaanataka wa khawaatiima 'amalik. Maana yake: namkabidhi Allah dini yako, na amana yako, na miisho ya matendo yako. Kwa binti utasema diinaki wa amaanataki wa khawaatiima 'amaliki. Mshike mkono kila mmoja peke yake umsomee yeye, usiwasomee wote kwa pamoja ukiwa unatafuta funguo. Na katika siku hizi za haraka uchunge sana ulimi: katika Muslim tumekatazwa kuwaapiza watoto wetu, isije ikasadifu saa ya kujibiwa. Dua tatu hazirudi, ya aliyedhulumiwa, ya msafiri, na ya mzazi kwa mwanawe. Siku hiyo mlangoni kwako mtakuwa na mbili kati ya hizo.

Tena wafundishe jibu lake kabla ya siku hiyo, kwa sababu anayebaki nyumbani naye anahitaji kukabidhiwa. Msafiri huwaambia anaowaacha: Astawdi'ukumullaahal ladhii laa tadhii'u wadaa'i'uh, nawaweka katika amana ya Allah ambaye amana Zake hazipotei. Waambie waseme wakikuangalia wewe na baba yao.

Wallahu aalam.