Unga wa seli shina na vifuko vyake: maswali yenu

Swali: Mama mkwe ana kidonda cha kisukari mguuni. Tumenunua kopo la unga wa seli shina hapa Kondele. Apewe mara ngapi kwa siku? – Kisumu

Jibu: Asipewe hata kijiko. Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Seli shina ni seli za mwili zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine, lakini seli iliyokaushwa ikawa unga imekufa, na ukiimeza inasagwa tumboni kama omena. Mpelekeni kliniki leo, kidonda kisafishwe, sukari ishushwe, na mguu huo asiukanyagie. Nimeona vidonda vidogo vikiishia kwa mguu kukatwa kwa sababu familia ilikuwa inangoja unga ufanye kazi.

Swali: Seli shina zikidungwa hugeuka kuwa nyama mpya? – Nakuru

Jibu: Hivyo ndivyo ilivyotarajiwa. Kumbe nyingi zikidungwa kwenye mshipa hunasa mapafuni na kufa baada ya siku chache, na bado sehemu iliyoumia inapata nafuu. Kazi hufanywa na kile zinachotema: vifuko viitwavyo eksosomu, vya nanomita 30 hadi 150 hivi. Vipange mamia kadhaa ndipo ufikie upana wa unywele mmoja. Ndani mna protini na maikro-RNA, vipande vidogo vinavyodhibiti kazi za jeni. Seli iliyojeruhiwa ikikipokea kifuko, mzigo huo huisaidia isife. Seli za kinga zinazochochea uvimbe hutulia, na vimishipa vya damu huanza kuchipuka. Mwaka 2010 watafiti wa Singapore walionyesha kwamba vifuko peke yake, bila seli, vilipunguza madhara ya shambulio la moyo kwa panya. Ni elimu ya kweli na ninaifuatilia kwa hamu, ndiyo maana wanaoigeuza biashara ya kopo wananikera.

Swali: Je, tiba hii ya vifuko ni sawa na kupandikizwa uboho? – Kakamega

Jibu: La. Kupandikizwa uboho, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, ni tiba iliyothibitishwa kwa baadhi ya saratani za damu na kwa selimundu.

Swali: Sindano ya eksosomu ya goti inanigharimu ng'ombe wawili. Niuze? – Bungoma

Jibu: Usiuze. Hata Marekani, mamlaka ya dawa, FDA, haijaidhinisha bidhaa yoyote ya eksosomu. Desemba 2019 ilitoa onyo baada ya wagonjwa wa Nebraska kupata madhara makubwa. Muulize huyo muuzaji vifuko vimetoka kwa nani, vilipimwaje virusi na bakteria, na vimesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu kwa nambari gani. Akikujibu kwa video za waliopona, ondoka. Kama goti limelika, mazoezi ya kuimarisha paja na kupunguza uzito husaidia, na hayahitaji ng'ombe hata mmoja.