Ukitaka kumwelewa Mwanamfalme Pedro wa Ureno, anza na wakwe zake

Wengi wetu Ureno tunaijua kwa Vasco da Gama na Fort Jesus, basi. Ukisogea nyuma kidogo unakutana na Henrique, yule wa safari za baharini, na kaka yake Pedro anatajwa kwa mstari mmoja tu. Nimesoma habari za nyumba hii ya kifalme kwa muda mrefu, na anayeniuliza aanzie wapi namwambia: mshike Pedro, na vita viache kwanza. Anza na ndoa.

Chukua karatasi kubwa. Juu andika Mfalme João I na mkewe Mwingereza, Philippa wa Lancaster, waliooana 1387. Chini yao weka Duarte, Pedro aliyezaliwa 1392, Henrique, Isabel, João na Fernando. Pembeni mwandike Afonso, mtoto wa João I wa nje ya ndoa, mkubwa kuliko wote hao. Usimsahau, maana ndiye atakayeleta kasheshe.

Na usiandike jina tupu, ongeza binti wa nani, mke wa nani. Dada yake Pedro ni Isabel. Mkewe, kutoka Urgell huko Catalonia, ni Isabel. Binti yao? Isabel. Mdogo wake João alimwoa Isabel, binti wa yule Afonso, yaani bibie kaolewa na baba yake mdogo. Nao wakazaa binti, wakamwita Isabel. Mimi kila Isabel nimempa kalamu ya rangi yake, la sivyo ningeshaacha zamani.

Sasa soma karatasi yako. Mwaka 1438 Mfalme Duarte alifariki, akamwacha mwanawe Afonso V akiwa na miaka sita. Mama mtu, Leonor wa Aragon, ndiye aliyeachiwa ukaimu wa kiti, lakini mwaka uliofuata Cortes, yaani bunge la ufalme, likamkabidhi Pedro, baba mdogo wa mtoto. Hakuwa mgeni wa mambo ya utawala. Kati ya 1425 na 1428 alizunguka Ulaya, na akiwa Bruges alimwandikia Duarte barua ya ushauri ambayo nakuhimiza uitafute. Humo anasema bila kupepesa macho kwamba Ceuta, mji wa kaskazini mwa Afrika ambao wao wenyewe waliuteka 1415, ni shimo linalomeza watu, silaha na fedha. Ukurasa mmoja wa barua hiyo utakupa sura ya mtu huyu kuliko sura nzima ya tarehe za vita.

Mwaka 1447 Pedro alimwoza mfalme binti yake. Binamu kwa binamu. Watu wa pwani hawatashangaa. Lakini yule Afonso wa nje ya ndoa, ambaye sasa alikuwa Duke wa Bragança, alikitaka kiti hicho cha malkia kwa mjukuu wake, yule Isabel wa mwisho kwenye karatasi. Hapo ndipo inapoeleweka fitina iliyomgeuza mfalme dhidi ya Pedro. Ukianza na vita, utadhani mfalme kijana alimgeukia baba yake mdogo kwa wazimu tu. Tarehe 20 Mei 1449, huko Alfarrobeira, Pedro aliuawa akipigana na jeshi la mkwewe, huku binti yake akiwa ndiye malkia.

Watoto wafuate kupitia shangazi yao. Isabel, aliyekuwa ameolewa na mtawala wa Bourgogne, aliwapokea João, Jaime na Beatriz. Jaime akaja kuwa kardinali. Amezikwa Florence, Italia, katika kanisa la San Miniato al Monte.

Ukijaliwa kufika Ureno, nenda monasteri ya Batalha. Katikati ya kanisa dogo la mwasisi, yaani João I mwenyewe, wamelala yeye na Philippa, sanamu zao za mawe zimeshikana mikono. Wana wao, isipokuwa Duarte, wamezikwa ukutani. Wageni hukimbilia kaburi la Henrique kwa sababu lina sanamu yake. La Pedro halina. Tafuta alama ya mizani na neno la Kifaransa Désir, ndiyo nembo yake.

Na karatasi usiifunge hapo. Teremka hadi kwa mtoto wa malkia Isabel, João II, ambaye ndiye aliyemtuma Bartolomeu Dias kuizunguka ncha ya kusini ya Afrika. Huyo ni mjukuu wa Pedro. Mwaka 1483, mjini Évora, aliamuru akatwe kichwa Duke wa Bragança wa wakati huo, mjukuu wa yule Afonso wa nje ya ndoa.