Seva haijachoka, foleni ndiyo imejaa

Ndugu, unasema tovuti haifunguki ilhali prosesa inatumia asilimia 5 tu na laini ya intaneti haijajaa. Hiyo ni dalili ya mafuriko ya SYN (maombi ya kufungua muunganisho yasiyokamilishwa), mbinu ileile iliyoiangusha Panix, kampuni ya intaneti ya New York, Septemba 1996.

Mshambuliaji hutuma ombi la SYN lenye anwani ya IP (namba ya kutambulisha mashine mtandaoni) ya kughushi. Seva hujibu SYN-ACK (nimekubali), kisha hungoja ACK (uthibitisho) isiyokuja. Kwa kawaida Linux, mfumo endeshi wa seva nyingi, hurudia jibu mara 5, hivyo kila ombi hewa hukalia nafasi kwenye foleni takriban sekunde 63, na wateja halisi hukosa pa kuingilia.

Hakiki kwanza kwa amri hii inayohesabu maombi yanayongoja: `ss -Htn state syn-recv | wc -l`. Ukiona mamia yasiyopungua, ndiyo hayo. Hakikisha `net.ipv4.tcp_syncookies`, kinga inayoiwezesha seva kujibu hata foleni ikijaa, ni 1 (mara nyingi huwa tayari), kisha shusha `net.ipv4.tcp_synack_retries`, idadi ya kurudia jibu, hadi 2. Kungoja kutabaki sekunde 7. Andika mipangilio hiyo kwenye faili ndani ya `/etc/sysctl.d/`, mfano `/etc/sysctl.d/99-syn.conf`, la sivyo ukiwasha upya mashine inapotea.

Usijichoshe kufungia IP mojamoja, ni za uongo. Na siku laini yenyewe ikijaa, mpangilio wa seva hausaidii kitu: mpigie mtoa huduma wako achuje huko kwake.