Ukifungua MIF au IDML kwa mara ya kwanza

FrameMaker na InDesign ni programu za kupanga kurasa, na kila moja ina aina ya faili ya kubadilishana hati: MIF ya FrameMaker na IDML ya InDesign. Faili hizi huwavutia wanaoanza kazi ya kupanga kurasa kwa sababu maandishi yake yanasomeka kwenye kihariri cha kawaida. Mtu akiyaona maneno yake mle, anatafuta, anabadilisha, anahifadhi, anadhani kamaliza. Kumbe alichofungua ni maelekezo ambayo programu itayafuata kuujenga ukurasa upya.

Chukua MIF. Kila aya imo ndani ya kauli ya Para, na humo mna ParaLine, moja kwa kila mstari kama ulivyokaa kwenye ukurasa faili ilipohifadhiwa. Ukitafuta "bodi ya wakurugenzi" na maneno hayo yameangukia mwisho wa mstari mmoja na mwanzo wa mwingine, huyapati, ingawa yapo. IDML haigawi maandishi kwa mistari, ila neno moja katikati ya sentensi likiwekwa italiki, sentensi hiyo hukatwa vipande vitatu, kila kimoja ndani ya lebo yake ya Content. Kwa hiyo maneno yahariri ndani ya programu yenyewe. Faili ya maandishi iachie kazi inazoziweza vizuri: kubadili majina ya mitindo (mipangilio ya mwonekano iliyopewa jina) kwa mkupuo, kurekebisha njia za picha zilizohamishwa folda, kufuta kitu kilichokwama ambacho menyu haikionyeshi. Na jina la mtindo ukilibadili, libadili kote: kwenye orodha ya mitindo na kwenye kila aya inayoutumia.

Alama ndogo ndizo zinazoumiza. Maandishi ya MIF huanza kwa ` na kuishia kwa ', kwa mfano kauli hii inayotaja mtindo wa aya: <PgfTag `Mwili'>. Apostrofi iliyonyooka ikiwa ndani ya maandishi huandikwa \q, basi ng'ombe anakuwa ng\qombe. Alama ya > nayo hutanguliwa na mkwaju wa nyuma. Usifungue faili hizi kwenye programu ya kuandikia barua. Itakupindishia alama za nukuu bila kukuuliza. Angalia pia usimbaji wa herufi, yaani namba ambazo kompyuta huzitumia kuhifadhi kila herufi: FrameMaker ilianza kutumia Unicode, usimbaji wa pamoja wa lugha zote, katika toleo la 8, mwaka 2007, na MIF za kabla ya hapo zina usimbaji wake wenyewe.

IDML, iliyokuja na InDesign CS4, ni kifurushi cha zip chenye faili za XML, yaani maandishi yaliyofungwa ndani ya lebo. Maandishi yamo kwenye folda ya Stories, fremu, yaani visanduku vinavyobeba maandishi na picha kwenye ukurasa, zimo kwenye Spreads. Ukikifunga tena, faili iitwayo mimetype iwe ya kwanza na isibanwe. Kosa la XML litaizuia hati kufunguka, jambo ambalo mimi naliona ni heri. MIF ni mpole kupita kiasi: FrameMaker ikikuta kauli isiyoitambua huiruka, hati inafunguka, na kitu kimepotea kimyakimya. Soma ujumbe wa makosa hata kama ukurasa unapendeza.

Usihangaike kukariri kauli zote. Tengeneza hati ya aya moja, ihifadhi kama MIF au IDML, badilisha kitu kimoja tu, tuseme nafasi kabla ya aya, kisha ihifadhi kwa jina jingine. Zilinganishe mbili hizo kwa programu ya kulinganisha faili. IDML zifungue zip kwanza. Utaona penyewe palipoandikwa badiliko lako, na hapo ndipo pa kugusa kwenye hati kubwa.

Hati ya FrameMaker ikianza vituko, kama kuzima ghafla au mtindo kugoma kufutika, ihifadhi kama MIF, ifungue hiyo MIF, kisha ihifadhi tena kama hati ya kawaida. Mara nyingi hilo pekee linatosha, bila kugusa hata herufi moja.

Faili asili usiiguse. Fanyia kazi nakala. Ukirudi kwenye programu, toa PDF ya hati ya zamani na ya mpya, uhesabu kurasa, utazame fremu zilizofurika maandishi na fonti zilizobadilishwa.